Siku Moja Katika Mapango ya Karura

Watu wengi hudhani kuwa safari yenye faida ni lazima iwe ndefu. Husoma habari za wasafiri waliovuka bahari, wakapanda milima ya nchi za mashariki, wakaingia mapango yenye sanamu na mahekalu yenye paa juu ya paa, kisha wakarudi kwao na mengi ya kusimulia. Msomaji hufunga kitabu akajisemea, "Lau ningekuwa na nauli, nami ningeyaona." Mimi nalikuwa mmoja wa wasomaji hao. Nilizaliwa na kulelewa katika mtaa wa Bahati, mashariki ya jiji la Nairobi, na hata nilipotimiza miaka kumi na saba nalikuwa sijaingia pango lolote. Siku nilipoingia sikuvuka bahari, wala sikutoka nje ya jiji letu. Nauli yangu ya kwenda na kurudi haikuzidi bei ya kitabu kimoja cha shule. Hata hivyo, katika safari ile fupi nilipatwa na jaribu nisilolitazamia, na nusura nishindwe. Habari za siku hiyo ndizo nitakazozisimulia hapa.

Sina budi kuanza na nyanya yangu, mzaa mama, kwa kuwa safari ilikuwa yake. Miguu tu ndiyo iliyokuwa yangu. Nyanya alizaliwa mwaka 1942. Katika chumba chake, juu ya kabati la vyombo, kilikaa kitu kimoja ambacho sisi wajukuu hatukuruhusiwa kukigusa. Kilikuwa randa ya seremala, ya mbao iliyogeuka nyeusi kwa jasho la mikono. Ubavuni mwake palichongwa ndege mdogo, mbayuwayu, mwenye mkia wa panda. Nalipokuwa mtoto nilidhani kuwa randa ile ni pambo la nyumba. Nyanya alikuwa haelezi habari zake, na sisi tulikuwa hatuulizi, kwani tulikwisha jifunza kwamba mambo fulani yakiulizwa humfanya mzee ainuke akatafute kazi jikoni.

Mwezi wa Agosti, mwaka 2019, nalikuwa nyumbani kwa likizo. Wakaaji wa Nairobi wanajua jinsi Agosti ilivyo: mawingu hukaa juu ya jiji kama kifuniko juu ya chungu, na jua huchungulia saa sita mchana kama mgeni mwenye haya. Jioni moja yenye baridi nyanya aliishusha randa mwenyewe, akaiweka mapajani, akasema, "Mjukuu wangu, umekuwa mtu mzima. Kaa, nikwambie." Akanieleza habari ambayo alikuwa ameiweka moyoni kwa miaka sitini na mitano.

Alikuwa na kaka, mkubwa wake kwa miaka saba. Kijana huyo alikuwa mwanafunzi wa useremala kwa fundi mmoja wa Kihindi huko Ngara, na kila alichokitengeneza, kiwe kigoda au mlango, alikitia alama ya mbayuwayu. Mkono wake, alisema nyanya, haukuweza kuona ubao mtupu ukaupita. Wakati huo nchi ilikuwa katika hali ya hatari, iliyotangazwa na serikali ya Waingereza tarehe 20 Oktoba, 1952, kwa ajili ya vita vya Mau Mau. Ijumaa moja jioni, mwezi wa Aprili mwaka 1954, kaka yake alikunywa uji, akampa randa yake, akamwambia, "Nitunzie mpaka kesho." Akatoka. Hakurudi.

Kesho yake ilikuwa tarehe 24 Aprili. Alfajiri ya Jumamosi hiyo askari na polisi wapatao 25,000, chini ya amri ya Jenerali George Erskine, waliuzunguka mji wa Nairobi. Msako wao uliitwa Anvil, neno ambalo maana yake ni fuawe la mhunzi; na kwa kweli watu walipigwa siku ile kama chuma kilichowekwa juu ya fuawe. Mitaa ya Waafrika ilisakwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na jirani zao, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho. Mtu wa gunia alipotikisa kichwa, aliyesimama mbele yake hakuwa na wa kumtetea. Msako uliendelea kwa majuma kadhaa, na watu zaidi ya 20,000 walitiwa kizuizini, wengi wao wakapelekwa kambi za Mackinnon Road na Manyani. Nyanya na mama yake walirudishwa Murang'a na mzigo mmoja tu. Katika mzigo huo, msichana wa miaka kumi na miwili alificha randa ndani ya shuka.

Hali ya hatari iliondolewa mwaka 1960. Watu walirudi kutoka kambini, wengine wakatoka msituni. Kaka yake hakuwamo katika hao wala hawa. Mtu mmoja alisema alimwona Manyani. Mwingine, mwanamke aliyekuwa akiuza makaa, alisema kuwa kijana seremala mwenye jeraha la mguu alifichwa kwa siku nyingi katika mapango ya msitu wa Karura, kisha habari zake zikakatika. Nyanya aliporudi kukaa Bahati baada ya Uhuru wa mwaka 1963, msitu ule ulikuwa upande wa pili wa mji, nao si mbali. Lakini hakwenda. Mwanzo alizuiwa na hofu, kwa kuwa Mau Mau iliendelea kuwa chama kilichokatazwa na sheria hata chini ya bendera yetu wenyewe, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwaka 2003. Baadaye alizuiwa na miguu.

"Nenda ukanitazamie," aliniambia. "Mjomba wako atakupeleka. Tazama ukutani. Kama alikaa humo siku nyingi, mkono wake haukutulia. Kama kuna mbayuwayu, utakuja kuniambia."

Niliitika, "Ndiyo, nyanya." Sikujua kuwa nimetwishwa mzigo mkubwa.

Mjomba ni seremala wa Gikomba, naye alijifunza kazi hiyo kwa sababu ya randa ile ile. Tulitoka Bahati saa moja asubuhi, tukapanda matatu kuelekea mjini kwa Barabara ya Jogoo. Nalikuwa nimeipita njia hiyo mara elfu moja, lakini siku hiyo mjomba aliketi karibu na dirisha akaanza kuisoma kana kwamba ni kitabu.

Tulipokuwa karibu na Kaloleni aliniambia kuwa katika ukumbi wa mtaa ule, tarehe 23 Aprili, 1950, Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alisimama katika mkutano wa hadhara akataka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Maneno hayo yalimpatia kizuizi kilichodumu mpaka mwaka 1961. Nilihesabu kwa vidole: maneno ya uhuru yalisemwa Kaloleni miaka minne na siku moja kabla ya msako wa fuawe. Mbele kidogo ni soko la Burma, ambalo jina lake linakumbusha vita kuu ya pili, wakati askari wa Afrika Mashariki walipopelekwa kupigana na Wajapani katika misitu ya nchi ile, miaka ya 1944 na 1945.

"Wewe hupenda vitabu vya pagoda," mjomba alisema. "Wazee wa mitaa hii waliziona. Walipita chini ya minara iliyopakwa dhahabu na bunduki begani. Walikwenda mbali kuliko msafiri yeyote uliyemsoma, na waliporudi hawakuulizwa waliona nini."

Nilinyamaza. Haikuwa imenijia kamwe kwamba mzee mwenye fimbo anayeota jua mbele ya duka huenda ameona hayo niliyoyatamani mimi.

Mjini tulishuka tukatembea kwenda Ngara, kwa kuwa mjomba alitaka tuianze safari yetu mahali ambapo kaka wa nyanya alifanyia kazi. Duka la fundi wake halikuwapo tena. Tulisimama kidogo kwenye kona ambayo nyanya alikuwa ametuelekeza, tukaona maduka ya nguo na watu wengi wenye haraka. Kisha mjomba akasema, "Twende tukaone kazi ya mafundi wa kwao," akanipeleka kwenye hekalu la Swaminarayan, lililo katika barabara iliyoitwa zamani Forest Road, na ambayo sasa imepewa jina la Profesa Wangari Maathai.

Hekalu hilo lilifunguliwa mwaka 1999. Limejengwa kwa jiwe la manjano lililochongwa India na kuletwa huku vipande vipande, kisha vikaunganishwa. Minara yake hupanda ikikonda kama miali ya taa. Tulivua viatu, tukapewa ishara ya kunyamaza, tukaingia. Sikupata kuona kazi kama ile. Hapakuwa na nguzo iliyoachwa tupu. Kila shubiri ilichongwa maua, wanyama, wacheza ngoma na watu wanaoomba. Palikuwa na kazi ya mbao pia, na mbele ya mbao mjomba alisimama kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Aliziinamia fundo na viungo, akazitazama bila kuzigusa, mikono yake ikiwa imefungwa nyuma.

Baada ya muda alininong'oneza, "Tafuta jina la fundi."

Nilitafuta katika nguzo, katika milango, katika pembe za chini ambako nyumba zetu huandikwa mwaka. Sikuliona.

"Hata mimi sikuliona," alisema tulipokuwa tukivaa viatu. "Mamia ya mikono imepita hapa. Mtu amekaa mwaka mzima akichonga ua moja lililo juu pasipofika jicho, halafu amekwenda zake. Ua limebaki."

Nilimjibu kwamba mimi nisingekubali. Ningetia alama japo ndogo. Mjomba alicheka. "Wewe ni wa ukoo wa mbayuwayu," akasema.

Kutoka hapo tulipanda matatu ya Ruaka, tukashuka penye lango la msitu katika Barabara ya Limuru. Yafaa niuelezee msitu huu, kwa kuwa wengi wetu wa upande wa mashariki husikia jina lake bila kuuona. Karura ni msitu wenye zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Uliwekwa chini ya ulinzi wa serikali mwaka 1932. Mwishoni mwa karne iliyopita sehemu zake ziligawiwa kwa siri watu waliotaka kujenga majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliingia kupanda miti mahali ilipokatwa, na tarehe 8 Januari, 1999, alipigwa na walinzi mpaka akatoka damu kichwani. Hakuacha. Msitu uliokolewa, naye akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Leo raia hulipa kiingilio kidogo akatembea humo kwa amani, pamoja na watoto na baiskeli. Mbega, wale nyani wenye manyoya meusi na meupe yaning'iniayo kama joho, ambao walikuwa wametoweka, wamerudishwa pia.

Tulitembea tukifuata vibao. Kelele za magari zilipungua hatua kwa hatua, kama redio inayofifia, mpaka zikabaki sauti za ndege na za viatu vyetu juu ya majani makavu. Njia iliteremka kuelekea mtoni. Hewa ikawa baridi zaidi, miti ikakaribiana, na mianzi ikaanza kulia ilipopigwa na upepo. Nalikuwa na hamu kubwa, lakini nilipoona jinsi mjomba alivyokuwa akitembea polepole nilitambua kuwa yeye haendi matembezi. Anakwenda matanga yaliyocheleweshwa.

Kisha tukayaona mapango. Yalikuwa midomo myeusi katika ukuta wa mwamba ule wa volkano ulio chini ya Nairobi yote, juu kidogo ya mto. Mizizi ya miti ilining'inia mbele yake kama pazia. Sijui nalitazamia nini. Pengine nalitazamia ukubwa. Hapakuwa na nguzo wala sanamu wala taa. Palikuwa na matope mlangoni, na harufu kali ya popo.

Mjomba alivua kofia yake. Alipoona namtazama alisema, "Kule tulivua viatu kwa kuwa tuliagizwa. Hapa hakuna wa kutuagiza."

Tuliingia kwa mwanga wa kurunzi. Dari ilikuwa chini, ikanibidi niiname. Maji yalidondoka mahali fulani ndani, tone, kisha kimya, kisha tone. Popo walijigeuzageuza juu yetu kwa sauti ya karatasi inayokunjwa. Nilifikiri jinsi watu walivyokaa humu bila moto usiku, kwa kuwa moshi ungewasaliti. Jinsi walivyosikia mbwa wa askari wakibweka ng'ambo ya mto. Jinsi mtu mwenye jeraha alivyojifunza kuumwa bila kulia. Pango limekuwa kimbilio la mwanadamu tangu zamani. Daudi alimkimbia mfalme wake akajificha katika pango la Adulamu, na Mtume Muhammad alijificha pangoni alipokuwa akihamia Madina. Labda ndiyo sababu watu wa dini nyingi wameyaheshimu mapango: mtu asiye na mahali pengine huingia humo, na asiye na mwingine wa kumwita humwita Mungu. Wakikuyu wa kale waliomba chini ya mti wa mugumo wakiuelekea mlima. Lakini wale waliojificha katika giza hili hawakuuona mlima, na bila shaka waliomba vivyo hivyo.

Nilianza kazi niliyotumwa. Niliupitisha mwanga wa kurunzi ukutani shubiri kwa shubiri, toka chini mpaka nilipofika mkono wangu. Niliona nyufa, kuvu, na majina machache ya wageni wa siku za karibu. Niliyatazama yote. Niliingia pango la pili, nikatazama. Nilipiga magoti, nikafuta matope kwa kiganja. Nyota za maji ziling'aa katika mwamba, mbayuwayu hakuwapo. Ukuta haukusema neno.

Mjomba alikuwa ametoka nje kukaa juu ya jiwe. Nalikuwa peke yangu. Ndipo lilipokuja lile jaribu.

Nilimwona nyanya katika mawazo, ameketi na randa mapajani, akisikiliza kila hatua mlangoni. Alikuwa na miaka sabini na saba. Je, angengoja mara ngapi tena? Neno moja tu, "Yupo," lingempa usingizi. Wala si neno tu: miguuni pangu palikuwa na kijiwe chenye ncha. Alama ile nalikuwa naijua kama ninavyolijua jina langu, kwani nilikua nikiitazama juu ya kabati. Ningeweza kuichora hapa nyuma ya mzizi, nikaipaka matope ili ionekane ya kale, kisha nikaipiga picha kwa simu ya mjomba. Nani angeumia? Aliyekufa asingeumia, na aliye hai angepona. Nilijiambia kuwa huo si uongo, bali ni dawa.

Nilikiokota kijiwe. Nilivuta mstari mmoja, urefu wa kidole: mgongo wa ndege.

Sauti ya jiwe juu ya jiwe ilijaa pango lote. Popo walitulia, nami nikatulia. Katika kimya kile nilifahamu ninalolifanya. Watu wangapi walipita humu? Kila mmoja wao alikuwa na dada, au mama, au mtoto, aliyekaa akingoja mahali fulani. Walijificha hapa kwa sharti moja, kwamba wasiache alama. Alama ndiyo ingewaua, wao na wenzao. Ukuta huu mtupu haukuwa umewasahau. Ulikuwa umewafichia siri mpaka mwisho, kama walivyouomba. Nami, mtoto wa shule aliyekuja kwa matatu, nalitaka kuusemesha neno ambalo haukulisema, na kuwaibia wengine wote pango lao ili nilifanye la mtu mmoja wa kwetu. Nilikumbuka pia mafundi wa hekalu, ambao asubuhi ile nilidai kuwa nimewazidi akili.

Nilikitupa kijiwe, nikatoka. Sikumwambia mjomba lolote isipokuwa, "Hakuna." Alitikisa kichwa kama mtu aliyejua. Tulishuka mpaka kwenye maporomoko ya mto, tukasimama tukitazama maji yakianguka meupe katika bwawa lake, na mjomba akanawa uso. Alisimulia kwamba mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisema katika bunge lake kuwa inasikitika kwa mateso ya siku zile, ikakubali kuwalipa waathirika 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. "Wote hao wamehesabiwa mmoja mmoja," alisema. "Huyu wetu hayumo katika hesabu yoyote. Hesabu yake ni randa." Tulirudi mjini, kisha Bahati, na taa za Barabara ya Jogoo zilikuwa zimewashwa.

Nyanya alikuwa ameketi kama nilivyomwona katika mawazo. Chai ilikuwa tayari. Hakuniuliza kitu mpaka nilipokwisha kunywa kikombe kizima; hiyo ndiyo adabu yake. Kisha akasema, "Haya. Umeona nini?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia kuwa sikumwona mbayuwayu, wala alama yoyote ya zamani. Nilimwambia pia habari ya kijiwe na mstari, huku nikiitazama sakafu. Mjomba aliposikia hayo alikiweka kikombe chini.

Nyanya alikaa kimya kitambo kirefu. Nalingoja hasira, au machozi, na vyote viwili vingenistahili. Lakini alipoinua uso nilimwona kama anayetaka kucheka.

"Ungenichorea ndege," alisema, "ningefurahi usiku mmoja. Asubuhi ningekuuliza: ametazama upande gani? Maana alama za kaka yangu zote zilitazama kushoto, ila hii ya randa. Hii alinichongea mimi, akaigeuza, ili niijue kuwa ni yangu. Nawe hujui ila hii."

Sikupata la kujibu.

Baada ya hapo aliuliza maswali mengine, ambayo sikuyatazamia. Aliuliza kama mahali pale pana miti mingi. Nikasema, mingi. Aliuliza kama upepo huingia ndani. Nikasema, hauingii. Mwisho aliuliza, "Na maji? Maji yako karibu?"

"Yako karibu sana, nyanya. Mto unapita hapo chini. Mtu akikaa ndani anausikia."

"Basi," alisema, akaipangusa randa kwa pembe ya leso yake. "Kama alikuwa humo, hakufa kwa kiu." Akairudisha juu ya kabati.

Msomaji kijana, nimesoma tangu siku hiyo habari za mapango mengi yenye fahari, na Mungu akijalia huenda nikayaona. Katika milima ya magharibi ya India yako mahekalu mazima yaliyochongwa ndani ya mwamba, na huko Ethiopia, Lalibela, yako makanisa yaliyochimbwa katika jiwe moja moja. Sisemi kuwa hayafai kutazamwa. Lakini nilijifunza kutoka pango tupu jambo moja ambalo lingenipita katika pango lenye sanamu: kwamba mahali huheshimiwa si kwa kile kinachoonekana tu, bali pia kwa kile ambacho watu walikubali kisionekane. Na nilijifunza kwa nyanya jambo la pili, zito kuliko la kwanza. Nalidhani kuwa mzee aliyengoja miaka sitini na mitano alihitaji habari njema. Kumbe alihitaji habari ya kweli, japo ndogo, ambayo angeweza kuilalia bila kuiogopa kesho. Mti, upepo, na maji: hayo matatu yalikuwa ya kweli, naye aliyapokea kama mtu apokeaye mkate.

Mstari wangu ungali huko nyuma ya mzizi, urefu wa kidole. Haufanani na kitu chochote. Ukienda Karura ukauona, usiuongeze. Vua kofia yako, kaa kidogo, usikilize mto.